Bomet na London, Wapi na Wapi?

Najua saa hizi baadhi yenu bado mko kituoni na vikapu, mnangoja lori la kiwanda lifike ili karani aanze kupima majani ya chai, na redio inasikika kutoka kwenye simu ya mmoja wenu. Mwambieni aongeze sauti kidogo, kwa sababu leo nina deni la kulipa.

Mama mmoja wa upande wa Silibwet, kaunti ya Bomet, alinipigia simu baada ya kipindi chetu kimoja. Binti yake ni muuguzi na anafanya kazi Leeds, Uingereza. Mama akaniuliza, "Mwanangu, wewe umesoma. Kutoka hapa kwetu hadi London ni kilomita ngapi?" Mjukuu wake alikuwa ameshatafuta kwenye simu, na simu ikamjibu kuwa ni kilomita 6,840. Mama hakuridhika. Alisema hesabu hiyo haina Silibwet ndani yake.

Nilitafakari maneno hayo siku mbili nzima, nikaona ana haki. Kilomita 6,840, au karibu na hapo, ndiyo safari ya ndege kutoka uwanja wa Jomo Kenyatta, Nairobi, hadi uwanja wa Heathrow, London. Ni hesabu ya kiwanja hadi kiwanja. Mama aliuliza kuhusu nyumba yake. Basi Jumamosi nikapanda matatu nikamfuata hukohuko.

Nilimkuta jikoni. Mlangoni palikuwa na boga, kubwa kama kichwa cha ndama, na nilipoliona nikajua somo langu limeshapatikana. Boga letu la kienyeji lina mifereji inayoteremka kutoka kwenye kikonyo hadi kitakoni, kama mistari ile ya longitudo ambayo watu wa ramani huichora kutoka ncha moja ya dunia hadi nyingine. Nikaokota kipande cha makaa yaliyozimika, nikalizungushia boga mstari tumboni: ikweta. Nukta ya kwanza nikaiweka chini kidogo tu ya mstari huo, kwa sababu Bomet na Kericho haziko hata digrii moja kamili kusini mwa ikweta. Nukta ya pili nikaipandisha juu kuelekea kwenye kikonyo, digrii 51 na nusu, kisha nikaisogeza kushoto digrii 35 na ushei. Hiyo ndiyo London.

Mama alikuwa na uzi wa kufumia vitambaa vya makochi. Akashika ncha moja kwa kidole pale Bomet, mimi nikashika nyingine London, tukauvuta. Uzi ukiwa umelegea unaweza kupita popote. Ukikazwa, unateleza wenyewe juu ya ganda mpaka ukae kwenye njia fupi kuliko zote. Rubani hutafuta njia hiyohiyo. Ukikata boga kwa kisu kando ya uzi ule, kisu kipite katikati kabisa ya boga, utapata duara kubwa kuliko yote yanayoweza kukatwa hapo. Wataalamu huliita duara kuu, na kila digrii moja ya duara kama hilo juu ya dunia ni kama kilomita 111. Kutoka Bomet hadi London ni digrii 60 na kitu. Mama akazidisha mwenyewe, kwa kichwa, kwa kuwa amepiga hesabu za kilo za majani maisha yake yote: 60 mara 111, ongeza kidogo, unafika kilomita 6,700. Ukitaka kukaribia zaidi, sema 6,710.

Tukaongeza nukta ya Nairobi, kulia kwa Bomet na chini kidogo. Tulipoihamisha ncha ya uzi kutoka Bomet hadi Nairobi, uzi uleule haukufika London. Ulipungua kwa upana wa punje ya wimbi, pengine punje mbili.

Mama akautazama uzi, akanitazama mimi. "Kumbe sisi tuko karibu kuliko Nairobi?"

Naam. Msikilizaji wa Bomet, wewe uko karibu na London kuliko mtu wa Nairobi kwa kilomita kama 130. Na wewe wa Kericho uko karibu zaidi, kwa kilomita kama 170. Njia fupi ya kwenda Ulaya inatoka Nairobi kuelekea kaskazini-magharibi, inapita karibu na Nyahururu, kisha inaendelea kuelekea Turkana na Sudan Kusini. Kwa hiyo muuguzi wetu alipotoka nyumbani kwenda London alianza kwa kuipa London mgongo. Alisafiri kwenda mashariki mpaka Nairobi, halafu ndege ikamrudisha upande uleule alikotoka.

Hapo ndipo mama alipotulia, akaweka chai mezani, akanihesabia safari yenyewe kama alivyoiona yeye.

Binti hakwenda Nairobi mara moja. Alikwenda kufanya mtihani wa Kiingereza, akarudi. Akaenda kupimwa kifua kikuu, kwa sababu Uingereza inamtaka Mkenya anayekwenda kukaa zaidi ya miezi 6 alete cheti cha kipimo hicho, akarudi. Akaenda kuweka alama za vidole kwa ajili ya viza, akarudi. Mara ya nne ndiyo ya kuondoka. Bomet hadi Nairobi kwa njia ya Narok na Mai Mahiu ni kama kilomita 230. Safari tatu za kwenda na kurudi ni kilomita 1,380. Ongeza 230 za mwisho, unapata kilomita 1,610 za barabara kabla hajafunga mkanda wa kiti cha ndege. Hiyo inakaribia robo ya zile kilomita 6,840 za angani, na imekwenda kwa matatu, kwa nauli ya fedha za majani, na siku nyingine kwa kulala sakafuni kwa jamaa Nairobi.

Tiketi nayo ilikuwa ya kupitia Dubai, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa nafuu. Nairobi hadi Dubai ni kama kilomita 3,550, na Dubai hadi London ni kama 5,500. Jumla inazidi 9,000. Mwenye fedha huruka kilomita 6,840 kwa saa 8 na nusu au 9, na asiye nazo huzunguka kilomita zaidi ya 2,000 za ziada na kukesha kwenye kiti cha uwanja wa ugenini. Mwisho wa yote, London yenyewe haikuwa mwisho. Leeds iko kaskazini, zaidi ya kilomita 300 kwa barabara, na msichana akaingia basi tena na mizigo yake.

Mama alikuwa ameyaweka haya yote kichwani kwa mpangilio. Simu ya mjukuu ilimpa tarakimu moja, na tarakimu hiyo ikaifuta taabu yote hiyo. Ndiyo maana aliikataa.

Nami naungana naye. Nasema hivi nikijua kwamba nyumba nyingi za huku zinafanana na yake. Julai 2021 serikali yetu na ya Uingereza zilitia sahihi makubaliano ya kupeleka wauguzi wa Kenya kufanya kazi kule, na tangu hapo safari za namna hii zimekuwa habari za kawaida katika harambee na ibada za shukrani huku kwetu. Tunatangaziwa nafasi, tunatangaziwa mishahara. Sijasikia anayetangaza hesabu ya barabara.

Na barabara yenyewe tunaijua. Mtu wa Kericho hapiti Narok, hupita Chepseon, Londiani Junction, Mau Summit, Nakuru, kilomita kama 260 hadi Nairobi. Pale Londiani Junction, jioni ya 30 Juni 2023, lori lilipoteza mwelekeo likawavamia watu waliokuwa wakingoja magari na akina mama waliokuwa wakiuza bidhaa kando ya barabara. Walikufa watu zaidi ya 50. Nimepita hapo mara nyingi tangu siku hiyo na kila mara gari zima hunyamaza. Watu wa huku wakimwombea msafiri huomba ndege ipae salama na itue salama. Mimi naomba kwanza avuke Londiani.

Halafu kuna lile gari la kusindikiza. Ukitaka kujua watu wa Bomet wanaupimaje umbali, nenda uwanja wa Jomo Kenyatta usiku. Utaona matatu ya watu 14 iliyokodiwa kutoka kijijini kumsindikiza mtu mmoja. Mzee mmoja anaomba kwa Kikipsigis, wote wameinamisha vichwa kando ya kigari cha mizigo, na shangazi ameshika soteti, kibuyu cha mursik, maziwa ya mgando yenye makaa ya mti wa senetwet. Kibuyu hicho hakiwezi kupita ukaguzi mkononi mwa msafiri, kwa kuwa kimiminika cha zaidi ya mililita 100 hakiruhusiwi. Basi msafiri hunywa palepale, mlangoni, amesimama, na anachobakiza wanakunywa waliomsindikiza. Kisha wanageuka kwenda kilomita 230 za kurudi. Saa ile ndege inapopita juu ya Bahari ya Mediterania, wao nao ndio wanaingia Bomet mjini, wamechoka, na ng'ombe hawajakamuliwa.

Si jambo jipya kwa watu wa huku kwenda mbali. Wilson Kiprugut Chumo wa Kericho alifika Tokyo mwaka 1964, zaidi ya kilomita 11,000 kutoka Nairobi, akakimbia mita 800 akawa wa tatu, na hiyo ndiyo medali ya kwanza kabisa ya Kenya katika Olimpiki. Miaka 4 baadaye, huko Mexico City, akaongeza ya fedha. Tangu wakati huo mursik imewapokea wengi pale uwanja wa ndege.

Sasa niseme jambo ambalo vijana wengi hawalijui. Kuna wakati ndege ya London ilikuwa ikitua karibu na kwetu kuliko inavyotua leo. Mwaka 1931 kampuni ya Imperial Airways ya Uingereza ilifungua njia ya kutoka London kuja Afrika Mashariki. Ilifuata mto Nile, ikapita Khartoum na Juba, ikafika Ziwa Victoria, na Kisumu ikawa kituo chake. Zilitumika pia ndege za majini, zinazotua juu ya maji, na ziwa lile likawa kiwanja. Kutoka Kericho hadi Kisumu ni kilomita 80 hivi, mteremko mtupu. Safari ilichukua siku kadhaa, kwa vituo vingi, na waliopanda walikuwa maafisa wa serikali, mameneja wa mashamba na mifuko ya barua. Mchuma majani wa wakati huo hakupanda. Ramani tu ndiyo ilikuwa upande wetu: kwa ndege inayotoka kaskazini, Kisumu ilikuja kabla ya Nairobi.

Mwaka 1958 ukafunguliwa uwanja wa Embakasi, ndege kubwa zikahamia huko, na jengo jipya la mwaka 1978 likauthibitisha kuwa lango la nchi. Kisumu ilipanuliwa ikazinduliwa upya mwaka 2012 na kuitwa uwanja wa kimataifa, lakini anayekwenda Ulaya kutoka Kericho, Bomet, Nandi au Kisii bado anapelekwa Nairobi kwanza. Mimi naamini hili linaweza kubadilishwa, na linapaswa kubadilishwa. Watu wanaotoka magharibi mwa nchi yetu kwenda kusoma, kuuguza na kukimbia nchi za mbali si wachache. Angalau viza, vipimo na mitihani ifanyike Kisumu au Eldoret. Ukiondoa zile safari tatu za mwanzo, umempunguzia muuguzi wetu kilomita 1,380 bila kujenga hata mita moja ya barabara.

Na majani tunayochuma nayo je? Majani mabichi yana haraka, lazima yafike kiwandani siku ileile. Yakishakuwa chai kavu hayana haraka tena, ndiyo maana hayapandi ndege kama maua ya Naivasha. Chai ya Kericho nayo huanza safari kwa kuipa London mgongo. Hupakiwa kwenye malori, hushuka kilomita zaidi ya 700 hadi Mombasa, huuzwa kwenye mnada, ndipo huingia melini. Zamani mnada mkubwa ulikuwa London kwenyewe, na bei ya jasho la Kericho ilipangwa na watu waliokuwa umbali wa digrii 60 kutoka shambani. Mnada huo ulifungwa Juni 1998. Leo mnunuzi mkubwa kuliko wote wa chai yetu ni Pakistani.

Na ile inayokwenda London ilipata mzunguko wake: mwishoni mwa 2023 meli nyingi zilianza kuogopa kushambuliwa katika Bahari ya Shamu. Badala ya kupita mfereji wa Suez, zikalazimika kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, kusini mwa Afrika, maelfu ya kilomita za ziada. Angani ni vilevile. Ule uzi tulioukaza juu ya boga unapita Sudan Kusini, Sudan na Libya. Vita vilipozuka Khartoum Aprili 2023, anga ya Sudan ilifungwa na marubani wakaanza kuzunguka kandokando. Nilimwambia mama, weka kidole pale uzi unapopita Sudan, na uzi usikiguse. Akaweka. Uzi ukapinda, na ncha yake ikatoka London. Ilibidi niongeze.

Aliushika uzi uliopinda kwa muda mrefu. Nilidhani anafikiria ndege. Akasema, "Hao wa Sudan nao wana watoto walioko mbali."

Nikaona nisiongeze neno.

Tulipomaliza chai nikamwuliza kwa nini alitaka kujua kilomita. Akasema binti yake humpigia simu akitoka kazini, saa kumi na mbili jioni ya kule. Hapa huwa ni saa tatu usiku. Yeye huamka alfajiri kuwahi majani kabla jua halijapanda, na saa tatu usiku usingizi huwa umeshamchukua. Mara mbili simu iliita akiwa amelala, akaamka asubuhi akakuta jina la mwanawe kwenye kioo. Alitaka kujua kama umbali wenyewe ndio unaochelewesha simu, kama barua za zamani.

Nikamwambia hapana, mama, sauti inafika papo hapo. Kinachowatenganisha ni jua. Tukarudi kwenye boga. Dunia hujizungusha mfereji kwa mfereji, digrii 15 kila saa, na jua huanza kwetu kabla ya kufika kwao. Wakati wa baridi ya Uingereza tumewatangulia kwa saa 3. Lakini wenzetu wale wana desturi ya kusogeza saa zao mbele Jumapili ya mwisho ya Machi, na kuzirudisha nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Katika miezi hiyo iliyo katikati, tofauti hupungua ikabaki saa 2.

Mama akaniomba niiandike ile Jumapili ya Machi ukutani, kwa makaa yaleyale, chini ya kalenda ya kiwanda. Nikaandika. Kisha akahesabu kwa vidole, taratibu, mara mbili: akitoka kazini saa kumi na mbili ya kwao, hapa itakuwa saa mbili usiku.

"Saa mbili," akasema, "huwa ndiyo kwanza naosha vyombo."